Kiti Ambacho Makhanu Hakukikalia

Mtu wa kwanza kuulizia kile kiti hakuuliza bei. Alisimama kwenye lango la Namalwa hapa Free Area, Nakuru, mchana kweupe, mkononi ana funguo za pikapu, akamsalimia vizuri. Akasema amesikia kwamba ndani ya nyumba ile kuna kiti cha zamani, cha mtu kujinyoosha, chenye mikono mirefu. Akaomba kama angeruhusiwa kukigeuza tu, aangalie chini yake. Namalwa alimtazama viatu, akamtazama mfuko wa shati, akamwambia hapa hakuna kiti kama hicho. Yule mtu akashukuru, akaacha jina lake, Darweshi wa Bondeni, akaenda zake.

Pikapu haijafika barabarani, Namalwa alikuwa mlangoni kwangu.

"Mama Fancy," akasema, "nikienda kanisa, ni nani huingia kwangu?"

Mimi ni Chepkemei, jirani yake. Ukuta unaotutenganisha ni mmoja, na ufunguo wake wa akiba hukaa kwangu. Kwa hiyo nilielewa kwamba swali lile lilikuwa linanihusu mimi kwanza. Nikamwambia sijaingia, na sijaona mtu akiingia. Akanitazama kwa muda, kama anapima sauti yangu, halafu akakubali chai.

Usimlaumu. Immaculate Namalwa binti Makhanu alifanya kazi miaka mingi kwenye lango la kiwanda cha mablanketi hapa mjini. Kazi yake ilikuwa kupekua wanawake wakitoka zamu. Walipanga mstari, wakainua mikono, naye akapitisha viganja kwenye leso, kwenye mikoba, mpaka ndani ya sufuria za chakula, akitafuta nyuzi zilizoibwa. Aliwahi kuniambia kwamba mwizi hajulikani kwa sura, anajulikana kwa kusalimia sana. Kiwanda kilifungwa, mashine zikauzwa vyuma chakavu, lakini macho ya Namalwa hayakustaafu. Muuza nyanya akimpa ya nyongeza, yeye anaigeuza kutafuta ilikooza. Na huyu Darweshi alikuwa amemsalimia mara mbili.

Kilichomsumbua zaidi ni kwamba kile kiti hakijawahi kukaa mahali pa kuonekana. Kilikuwa chumba cha ndani, nyuma ya mapipa ya mahindi, kimefunikwa shuka. Mimi mwenyewe, jirani wa miaka yote hiyo, nilikuwa nimekiona siku moja tu, siku ya mazishi ya baba yake. Watu walipungukiwa na viti, kijana fulani akakitoa nje, na mama yake Namalwa akatoka katikati ya wafiwa, akakirudisha ndani yeye mwenyewe.

Habari ya kiti hicho ilikuwa hivi, kama walivyolelewa nayo. Baba yao, mzee Makhanu, alitoka Bungoma akiwa kijana, akaandikwa kazi ya kupakia mizigo kwenye stesheni ya Nakuru. Ilikuwa miaka ile masetla, wale walowezi wa Kizungu, walipokuwa wanauza mashamba na kuondoka. Vitu vyao vilishushwa kutoka Molo, Njoro na Subukia, vikapangwa kwenye stoo ya reli kungoja treni ya Mombasa: piano, vitanda vya shaba, matandiko ya farasi. Vingi vilienda. Kiti hiki kilibaki. Kilikaa kwenye kona ya stoo mpaka kikashika vumbi, na jioni moja Makhanu akakileta nyumbani, kwenye zile nyumba za reli, juu ya mkokoteni, kimefunikwa magunia. Akamwambia mkewe kwamba ni kiti cha watu. Mwenye kiti alikisahau, siku moja ataandika kukiulizia, na akiandika lazima akute hakijaguswa.

Hakuna aliyeandika. Uhuru ukaja, mashamba yakagawanywa, na Makhanu bado alisema wangoje. Maxwel, ndugu yake Namalwa, alipokuwa mtoto mdogo alikutwa amelala juu ya kiti hicho, na alipigwa mpaka majirani wakagonga ukuta. Baba yao alipostaafu na kujenga hapa Free Area, kiti kilikuja naye. Jioni alikuwa akiketi chumba kile kwenye kigoda, akishona viatu vyake, kiti kikiwa mbele yake chini ya shuka. Alikufa hajakikalia.

Basi Namalwa alipokunywa ile chai kwangu, alikuwa ameshapata jibu lake. Mwenye kiti amekufa zamani, hilo alijua. Lakini ana watoto, ana wajukuu, ana mawakili. Huyu Darweshi ametumwa. Anataka kuangalia chini kwa sababu huko kuna kitu wanachokitambua, na akishakitambua, watakuja na polisi kusema mzee Makhanu wa reli alikuwa mwizi.

"Baba yangu amelala pale makaburini na jina safi," akasema. "Mimi sitakubali."

Kesho yake aliomba nimfichie kiti. Nilidhani atangoja giza, lakini alisema mtu anayebeba kitu gizani ameshajihukumu. Tulikifunga ndani ya godoro, tukakibeba mchana mbele ya watu wote, yeye mbele mimi nyuma, na alipoulizwa na mama wa dukani akasema godoro limeingia kunguni. Tukakiweka sebuleni kwangu, nyuma ya kabati. Akaniapisha nisimwambie mtu.

Alipoondoka nilifunua shuka. Sikuwa na nia mbaya, nilitaka tu kujua ninalinda nini. Nyumbani kwangu, kama kwa watu wengi, kuna seti ya sofa yenye vitambaa vya kufuma, na mtu akiketi pale anaketi wima kama yuko kwenye mkutano wa shule. Kiti hiki kilikuwa kitu kingine. Mbao zake za mvule zilikuwa zimeiva rangi ya chai ya rangi. Mgongo ulilala nyuma, kiti chenyewe kikashuka chini na kurefuka mbele, na mikono yake ilikuwa mirefu kuliko mikono ya mtu, myembamba, laini kama iliyolambwa. Badala ya mto kulikuwa na kazi ya kusuka, vijiti vyembamba vilivyopishana vikaacha matundu madogo, vimelegea kidogo katikati. Hakikuwa na pambo lolote. Nilikishika mkono wake mmoja, na nikajikuta sitaki kuuachilia.

Mume wangu Kipkirui hakuwa ameapishwa na mtu. Alirudi kutoka kazini Gilgil, mwili umechoka, akaona kiti nyuma ya kabati, akakivuta, akakaa. Mimi nilikuwa jikoni. Niliposikia kimya nikachungulia, nikamkuta amelala, mikono imelala juu ya mikono ya kiti, mdomo wazi, uso wake umelegea kama wa kijana niliyeolewa naye. Kipkirui ana maumivu ya mgongo. Sijamwona akilala hivyo akiwa ameketi tangu alipoanguka kwenye lori. Nikamwacha.

Ndipo Namalwa akaingia kukagua. Alisimama pale mlangoni na sahani ya mayai mkononi. Nilidhani atapiga kelele, lakini alimtazama tu Kipkirui, muda mrefu, na uso wake ukawa na kitu ambacho sikukijua, karibu wivu. Mume wangu akaamka.

"Namalwa," akasema, bado ana usingizi, "aliyetengeneza hii kiti alijua mgongo."

"Toka," Namalwa akamwambia kwa sauti ya chini. "Hata mimi sijawahi kukalia."

Baada ya hapo hakutulia. Alisema kungoja mtu arudi ni kumpa nafasi ya kujipanga, na kwamba lazima aende mwenyewe Bondeni akamwone huyo Darweshi bila yeye kujua. Akanichukua niwe shahidi. Tulivaa kama watu wanaoenda hospitali, tukauliza njia kwa watu, tukafika kwenye karakana moja nyuma ya duka la vyombo, karibu na msikiti.

Uani mle kulikuwa na viti vya zamani vimetapakaa, vingine mifupa mitupu, vingine vimepakwa mafuta vinang'aa. Mwanamke mmoja mwenye nyumba ya wageni huko Gilgil alikuwa amejinyoosha kwenye kimoja akikijaribu, viatu amevua. Darweshi alimtambua Namalwa papo hapo, lakini hakulitaja jambo la lango. Alituletea vigoda na chai ya tangawizi. Namalwa akasema anamtafutia mpwa wake kiti cha kuanzia maisha. Darweshi akaitikia kama mtu aliyeamini.

Akatuzungusha. Lazima nikiri alikuwa anapenda anachokisema. Alieleza kwamba Waingereza walijifunza kiti cha namna hii huko India, wakaja nacho hapa. Walitaka kitu cha barazani, ambacho mtu analala bila kwenda kitandani, huku akiona nani anaingia shambani kwake. Mikono ilifanywa mirefu ili bwana akitoka kwenye farasi ainue miguu aiweke juu yake, mtumishi amvue buti. Mafundi wa kwanza walikuwa Wahindi, baadaye wakaja wa pwani, kisha wenyeji. Kila klabu ya masetla ilikuwa navyo kwa safu, na Mwafrika alipita katikati yake akiwa na trei tu.

Halafu masetla walipoenda, akasema, viti viliachwa kama ngozi ya nyoka. Waliopewa mashamba wengine walivipasua kuni. Wengine walivikalia miaka michache, sofa za sponji zikaja, kila mtu akataka sofa, hivi vikatupwa kwenye banda. Kimoja alikitoa Kariandusi, kuku wamekilalia, cheupe chote kwa vumbi la machimbo mpaka alidhani kimepakwa rangi. Sasa watu wa kambi za watalii kule Elmenteita wanavitaka, wa Naivasha wanavitaka, na vijana wa Nairobi waliokulia kwenye sofa za sponji wanakuja kukaa hapa uani na hawataki kuinuka.

"Na nani anataka kukaa kama setla?" Namalwa akauliza. Alisahau kwamba anamtafutia mpwa wake.

Darweshi aliweka mkono juu ya kiti kilichokuwa karibu. "Setla alikaa tu, mama. Aliyekunja mbao akajua mgongo wa mtu unataka kulala wapi alikuwa babu yangu."

Namalwa akaweka kikombe chini. Niliona mabega yake yakikaa vile yalivyokaa kwenye lango la kiwanda. Akamuuliza waziwazi ni nani alimwambia habari za kiti chake. Darweshi hakubisha. Alitoa simu, akatafuta, akampa.

Ilikuwa picha. Shuka la Namalwa limevutwa nusu, kiti kinaonekana upande mmoja, mkono na mguu wa mbele. Na pembeni kabisa mwa picha, kwenye sakafu, ncha ya gambuti, buti la mpira la shambani, yenye udongo mwekundu wa Olenguruone.

Darweshi alieleza kwamba aliweka tangazo kwenye mtandao, akisema anatafuta viti vilivyotengenezwa na babu yake hapa Nakuru, na mtu akamtumia picha hiyo na kumwelekeza nyumba. Hakusema jina. Hakuhitaji. Namalwa alimrudishia simu, akatoka bila kuaga, na kule nje, katikati ya watu waliokuwa wanatoka msikitini, akampigia ndugu yake.

Maxwel analima viazi na chai kule Olenguruone, na gambuti anavaa mpaka harusini. Pasaka alikuwa amekuja kumtembelea dada yake na kulala chumba kile cha ndani. Mwanzoni alikana. Kisha akakubali. Nilikuwa nimesimama karibu, nikamsikia Namalwa akimwambia kwamba alijua, kwamba tangu mwanzo alijua ni mtu wa ndani, na kwamba alitaka kuuza kitu cha baba yao nyuma ya mgongo wake. Sikusikia alichojibu Maxwel. Namalwa aliniambia baadaye, tukiwa njiani kurudi. Maxwel alisema hakutaka kuuza. Alisema alipigwa kwa ajili ya kile kiti akiwa mtoto, na kabla hajafa alitaka mtu mmoja amwambie ni cha nani.

"Unamwamini?" nikamuuliza.

"Nusu," akasema.

Maxwel alipatana na Darweshi, Namalwa akakubali shingo upande, na siku ya kukutana ikapangwa iwe Jumamosi, nyumbani kwangu, kwa sababu kiti kilikuwa bado kwangu na Namalwa alikataa kisogezwe tena watu wakaanza kuulizana. Maxwel alifika mapema, kofia mkononi. Dada yake alimpokea kama mgeni asiyetarajiwa, akampa kiti cha plastiki karibu na mlango. Darweshi alifika akiwa amemshika mkono nyanya yake, bibi Samsam, mjane wa yule fundi. Alikuwa mdogo wa mwili, amejifunga buibui, macho yake yameingia ukungu. Alitusalimia kila mmoja kwa kuuliza jina na kushika mkono, na alipofika kwa Namalwa aliushika wake kwa muda zaidi.

"Wewe una baridi," akamwambia. "Unaogopa nini, mwanangu?"

Namalwa akauvuta mkono wake. Alikuwa amekaa kati ya kiti na watu.

Bibi Samsam akaomba apelekwe. Darweshi alitoa shuka, na yeye akakishika kiti kama mtu anayemshika mgonjwa, kuanzia juu ya mgongo, akashuka na mikono, akapapasa ile kazi ya kusuka kwa ncha za vidole. Akasema hiyo ni henzirani, na kwamba kwenye karakana yao mbao zilikuwa za mumewe na henzirani ilikuwa yake. Alikuwa ameolewa karibuni, mtoto wa watu wa Lamu aliyezaliwa hapa Bondeni. Aliroweka vijiti kwenye karai na kusuka, na masetla hawakujua kwamba chini yao kuna kazi ya msichana.

Namalwa akamkatiza. Kwa heshima, lakini alimkatiza. Alisema viti vya aina hii ni vingi, mjukuu wake ana ua mzima wa viti hivyo, na mtu yeyote anaweza kushika mbao akasema ni zake. Angejuaje ni hiki?

Bibi Samsam hakukasirika. Alisema kikigeuzwa, kwenye ukingo wa nyuma chini ya kiti, patakutwa uzi mmoja usiofanana na nyingine. Henzirani ilimwishia, na mumewe alikuwa na haraka ya kumaliza. Yeye akachukua kipande cha ukindu, yale majani ya kusukia mikeka, kwenye mkeka wa harusi yake, akamalizia nacho. Kilikuwa cha zambarau. Mumewe alipokiona alicheka, akasema kiache, mzungu hatakaa kichwa chini.

Tulikigeuza, mimi na Maxwel. Palikuwa na vumbi na utando wa buibui. Maxwel akapangusa kwa kofia yake. Uzi ulikuwepo, umepauka, lakini zambarau yake ilikuwa bado imejificha pale unapoingia kwenye tundu la mbao.

Namalwa akanyoosha mkono kwa Darweshi. "Simu."

Akaiangalia ile picha tena, akaivuta ikawa kubwa, akaangalia kama kuna nyingine. Ilikuwa hiyo moja tu, na chini ya kiti hakuonekani. Akarudisha simu, akakaa. Ndipo akauliza swali ambalo familia yake yote ilikuwa imeliogopa. Mwenye kiti alikuwa nani, na watu wake wako wapi?

"Aliyekiagiza alikuwa mzungu wa Njoro," bibi Samsam akasema. "Kilipokwisha tulikipeleka stesheni apakie pamoja na vitu vyake. Alikuja akakiona, akasema kizuri sana, lakini hakitaki tena. Alisema huko anakokwenda hakuna baraza."

Ilikuwa hivyo tu. Mumewe alikasirika, akaapa harudi nyumbani na kitu kilichokataliwa. Kwenye stoo palikuwa na kijana wa mizigo, Mluhya, mrefu, ambaye kila mara alimsaidia kupakia mbao na hakuwahi kuzigonga ukutani. Mumewe akamwendea akamwambia achukue kile kiti, kiwe chake, akakae nacho na watoto wake.

"Na yeye akasema nini?" Maxwel akauliza.

"Hakusema kitu. Mume wangu alinisimulia jioni, alikuwa anashangaa. Alisema yule kijana alimwangalia tu, kama mtu anayetegewa mtego. Alifikiri labda hakusikia Kiswahili chake cha pwani."

Kule nje mtoto alikuwa anaendesha gurudumu kwa kijiti, ndicho kilichosikika. Nilimwangalia Namalwa, nikaona anamwona baba yake, vile alivyokuwa, amesimama kwenye stoo, anamwangalia mtu anayempa kitu.

Maxwel ndiye aliyesema. Alitusimulia, polepole, jambo ambalo baba yao alimwambia wakati mmoja tu, wakipalilia. Baba alikuwa na rafiki kwenye reli aliyepewa taa na bwana wake asubuhi, kwa mkono, mbele ya watu, na jioni bwana akaitisha askari akasema taa imeibwa. Rafiki alifungwa. Alipotoka hakuwa mtu tena. Maxwel alidhani baba alikuwa anamfundisha asichukue vitu vya watu. Hakujua kwamba alikuwa anamweleza habari za kiti.

"Kwa hiyo alikuwa ameambiwa," Namalwa akasema. "Aliambiwa ni chake. Miaka yote."

Maxwel aliinuka, akakiweka kiti sawa, akasimama mbele yake kama anaomba ruhusa, kisha akakaa. Alikaa na gambuti zake, magoti juu, kwanza ukingoni, halafu akajiachilia nyuma. Akaweka mikono yake juu ya ile mikono mirefu na kufumba macho. Machozi yalimtoka bila sauti. Bibi Samsam, ambaye hakuona vizuri, aliuliza ni nani amekaa. Akaambiwa. Akasema sauti ya kiti inaonyesha nyuzi zimechoka, zitataka kusukwa upya kabla hazijakatika.

Namalwa hakukaa siku hiyo. Alisema ana kuku wa kulisha.

Alichotaka Darweshi kilikuja kujulikana mwisho, naye alikisema kwa haya kidogo. Familia yao haikubaki na kiti hata kimoja cha babu. Anatengeneza vya watu, anakisia, lakini mteremko wa mgongo ule hajawahi kuupata. Alitaka kukipima, akate mbao zake kwa mfano huo. Namalwa aliuliza kwa nini hakusema hivyo siku ya kwanza pale langoni. Darweshi akasema ukimwambia mtu kiti chake ni cha babu yako, anaona unataka kumnyang'anya. Nafikiri hapo ndipo walipoelewana, kwa sababu yeye pia hakuwa amemwamini.

Alipima siku nyingine, barazani kwa Namalwa. Namalwa alisimama juu yake tangu mwanzo hadi mwisho, mikono amefunga kifuani, na alihesabu bisibisi kabla hazijarudi kwenye mfuko. Lakini alikuwa amepika chapati.

Kwa Maxwel ilichukua muda. Namalwa hakumsamehe ile picha haraka. Alimwambia kwamba hata kama alikuwa na haki ya kuuliza, alipaswa kumuuliza yeye kwanza, na Maxwel akasema angemuuliza vipi mtu ambaye angesema hapana kabla swali halijaisha. Waligombana kwa simu mara kadhaa. Kisha Maxwel akaanza kumtumia dada yake viazi.

Kiti kilisukwa upya kule Bondeni. Bibi Samsam hawezi tena kuona matundu, kwa hiyo alihitaji mikono ya mtu mwingine. Darweshi alijitolea, lakini nyanya yake alisema vidole vya mjukuu wake ni vya msumeno, akamtaka yule dada mwenye mikono baridi. Namalwa alinijia kuniuliza nafikiri bibi huyo anataka nini kwake. Nikamwambia labda anataka kampani. Akasema atachunguza.

Tangu hapo anaenda kila Alhamisi. Nilimsindikiza juzi, mvua ikinyesha, nikakuta wameketi chini karibu na karai la maji, fremu ya kiti kingine katikati yao, cha yule mama wa Gilgil. Namalwa alikuwa anavuta henzirani kwa nguvu, ulimi umebanwa kwenye meno. Bibi Samsam alipitisha vidole juu ya mstari uliokwisha, akatikisa kichwa.

"Unakaza mno," akamwambia. "Hii mtu ataikalia. Iachie nafasi kidogo, nayo itamshika."

Namalwa akautazama ule mstari, akauliza kama una ubaya wowote jinsi ulivyo. Bibi akasema hauna ubaya, lakini hautadumu. Basi Namalwa akaufumua, mpaka mwanzo, akatia vijiti kwenye maji vilainike, akajifuta mikono kwenye leso yake, na wakati tunangoja akamuuliza bibi Samsam habari za Lamu, kama kweli kuna watu huko wanaolala milango wazi.